Mbwa aliyekonda hatibiwi kwa sahani iliyojaa

Mwishoni mwa Mei 2020, Wizara ya Kilimo na Maeneo ya Vijijini ya China ilichapisha orodha mpya ya wanyama wanaohesabiwa kuwa mifugo. Ng'ombe walikuwamo, nguruwe, kuku, sungura, hata kulungu wa aina fulani. Mbwa hakuwamo. Wiki chache kabla yake wizara ilikuwa imekwisha kueleza kwamba mbwa sasa ni mwenzi wa binadamu. Mwezi huohuo wa Mei, mji wa Shenzhen, ambao kutoka hapa Guangzhou ni mwendo mfupi tu wa treni, ulianza kutekeleza marufuku yake ya kula nyama ya mbwa na paka.

Natanguliza habari hiyo kwa sababu inagusa kosa ninaloliona mara kwa mara miongoni mwetu Waafrika Mashariki tunaoishi mji huu. Mfugo hunenepeshwa kwa kuwa mwisho wake ni mizani ya mchinjaji, na kila kilo ina bei. Mwenzi hanenepeshwi, hurudishiwa afya. Lakini mtu akimwokota mbwa aliyekonda, mbavu zikihesabika, kinachomjia kichwani ni kumlisha kwa wingi na kwa haraka, vilevile kama anavyolishwa mbuzi wa kuchinjwa Idi. Nia ni njema kabisa. Matokeo yake mara nyingi ni kuhara, kutapika, na kwa mbwa aliyekaa na njaa kwa muda mrefu, kifo.

Mbwa hawa wako wengi. Ukitoka Xiaobei, kule kwenye jengo la Tianxiu ambako wafanyabiashara wetu wamekuwa wakinunua mizigo tangu mwanzoni mwa karne hii, ukaelekea Sanyuanli na kisha maghala ya wilaya ya Baiyun, utawaona kwenye vichochoro: mbwa wa kienyeji wa China, wenyeji huwaita tugou, rangi ya kahawia au nyeusi, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Wengine walizaliwa mtaani. Wengine waliachwa na wenye nyumba waliohama, na wengine, lazima tuseme, waliachwa na wageni. Viza ikiisha mtu hufunga mizigo. Mbwa hana viza wala tiketi. Tena kwa mujibu wa kanuni za Guangzhou zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2009, kila kaya inaruhusiwa mbwa mmoja tu, kwa hiyo hata jirani mwenye huruma huenda hana nafasi ya kisheria ya kumpokea aliyeachwa.

Najua pia kwamba wengi wetu tumelelewa kukaa mbali na mbwa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hilo ni suala la tohara, na kila mtu ana namna ya kulitunza. Lakini dini hiyohiyo, katika hadithi zilizomo kwenye Bukhari na Muslim, inatueleza habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, naye akasamehewa dhambi. Wanaosali Ijumaa katika msikiti wa Xianxian, pale linapozuriwa kaburi linalonasibishwa na Saad bin Abi Waqqas, hawahitaji mimi niwafundishe hadithi hiyo. Ninachoomba ni kwamba huruma hiyo iambatane na maarifa.

Tuanze na njaa yenyewe. Mwili uliokosa chakula kwa wiki nyingi huacha kutegemea wanga, ukaanza kuunguza mafuta yake, na hatimaye misuli. Akiba ya fosforasi, potasiamu na magnesiamu hupungua, ingawa kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kana kwamba zipo za kutosha. Kisha ghafla bakuli la wali mwingi linaingia tumboni. Kongosho hutoa insulini kwa wingi, insulini husukuma sukari ndani ya seli, na madini hayo yaliyobaki huvutwa pamoja nayo kutoka kwenye damu. Moyo hukosa mpangilio wa mapigo, misuli hulegea, pumzi hukatika. Sayansi ilijifunza jambo hili kwa binadamu, na kwa gharama kubwa. Aprili 1945, askari wa Uingereza walipoikomboa kambi ya Bergen-Belsen huko Ujerumani, waligawa chakula chao cha makopo chenye mafuta kwa watu waliokuwa mifupa mitupu, na wapo waliokufa kwa sababu ya mlo huo walioungoja kwa muda mrefu. Tangu hapo tabibu anayejua kazi yake humlisha aliyedhoofu kwa njaa kidogo kidogo, na kwa mbwa sheria ni hiyohiyo.

Kwa hesabu za daktari wa mifugo, mbwa wa kati ya kilo 2 na 45 anahitaji, akiwa amelala tu bila kazi, kilokalori zinazokaribia uzito wake mara 30 ukijumlisha 70. Mbwa wa kilo 10 basi ni kama kilokalori 370 kwa siku. Aliyedhoofu sana haanzi hapo. Huanza na karibu robo ya kiasi hicho, yaani kilokalori 90 hivi, zikigawanywa milo minne hadi sita. Kiasi hupandishwa taratibu kwa siku nne au tano, na kwa aliye hoi zaidi hata siku kumi, ndipo afikie 370. Kilokalori 90 ni kidogo kuliko unavyodhani: ni kipande cha kifua cha kuku kilichochemshwa bila ngozi chenye uzito wa gramu 55 hivi. Mbwa atakutazama kwa macho ya kuomba zaidi. Usimpe. Kwa siku hizo za mwanzo huruma ni kumnyima, na kama hali ni mbaya, siku hizo azipitishe hospitalini ambako damu yake itapimwa.

Sasa suala ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: kwa nini amekonda? Watu huruka swali hili. Wanaona mbavu, wanahitimisha kwamba ni njaa. Hapa Guangzhou njaa ni sababu moja tu, na mara nyingi si ya kwanza.

Mji huu uko mahali ambapo joto na unyevu havikosekani karibu mwaka mzima. Mstari wa Tropiki ya Kansa unapita Conghua, kaskazini mwa jiji. Mbu hawapumziki muda mrefu, na mbu ndio wanaobeba minyoo wa moyo. Mbwa akiumwa na mbu mwenye vijilava hivyo, baada ya miezi sita hivi minyoo waliokomaa huwa wamekaa katika mishipa inayotoka moyoni kwenda mapafuni, na jike mmoja huweza kufikia sentimita 30 kwa urefu. Mbwa huyo hukohoa, huchoka upesi, hukonda hata akila vizuri. Ukimjaza chakula humsaidii. Ukimpa dawa ya minyoo uliyonunua kwa kubahatisha unaweza kumuua, maana vijilava vikifa vyote kwa pamoja ndani ya damu mwili huweza kupata mshtuko. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza.

Kisha kuna minyoo wa ini, na hapa eneo hili lina sifa ambayo haipendezi. Delta ya Mto Lulu ni miongoni mwa maeneo yenye maambukizi mengi zaidi duniani ya mnyoo wa ini wa China, ambaye inakadiriwa kuwa ndani ya watu milioni 15, wengi wao wakiwa nchi hii. Mzunguko wake ni mrefu: mayai hutoka kwenye kinyesi, huingia mtoni, hukulia ndani ya konokono wa majini, kisha hujificha kwenye nyama ya samaki wa maji baridi. Anayekula samaki huyo mbichi humpeleka mnyoo kwenye mirija yake ya nyongo. Shunde, jirani yetu upande wa Foshan, ni maarufu kwa vipande vyembamba vya samaki mbichi, na mabaki ya samaki hao huishia kwa mbwa na paka. Mbwa aliyeambukizwa huwa naye ni chanzo: kinyesi chake hurudisha mayai mtoni. Kwa hiyo yule anayemtupia mbwa vichwa vya samaki wabichi kutoka sokoni akidhani anampa protini ya bure anamdhoofisha zaidi, na anachangia ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeuorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani ya mirija ya nyongo kwa binadamu. Samaki apikwe mpaka aive.

Kupe nao huleta vimelea wanaovunja chembe nyekundu za damu. Fizi za mbwa huwa nyeupe na nguvu humwisha. Safura na minyoo wengine wa matumbo ni wale tunaowajua kutoka nyumbani. Mbwa mzee huenda ana meno mabovu na kutafuna kunamuuma. Mwingine anakula kupita kiasi, anakunya kinyesi kingi, cheupe na chenye mafuta, na bado anakonda: huyo huenda kongosho lake halitoi vimeng'enya vya kusagia chakula, na hakuna sahani duniani itakayomnenepesha mpaka apewe vimeng'enya hivyo kwa njia ya dawa. Figo, kisukari, uvimbe, yote yanawezekana.

Kwa watoto wa mbwa hali ni ya haraka zaidi. Wachina wenyewe wana jina la watoto wa mbwa wanaouzwa wakiwa wagonjwa na kufa ndani ya siku saba baada ya kununuliwa: wanawaita mbwa wa wiki. Kwa miaka mingi watu wa Guangzhou walinunua watoto wa mbwa kwenye masoko ya wanyama kama lile la Huadiwan kule Fangcun. Mnunuzi humwona mtoto mwembamba akamhurumia, akampeleka nyumbani kumlisha, kumbe ana virusi vya parvo au distempa. Mtoto wa mbwa anayekataa kula kwa siku nzima, anatapika au anahara damu, hangojewi hadi kesho.

Haya yote yanapimika. Kinyesi hutazamwa kwa hadubini, damu huchukuliwa kidogo mguuni. Chuo Kikuu cha Kilimo cha China Kusini, kilichoko Wushan wilayani Tianhe, kinafundisha madaktari wa mifugo na kina hospitali ya wanyama, na hospitali binafsi ziko karibu kila mtaa. Lugha isikuzuie, simu yako inatafsiri. Gharama ya vipimo vya mwanzo inaweza kukusononesha, lakini ilinganishe na miezi ya kununua chakula kinacholiwa na minyoo.

Kuhusu dawa, kuna mazoea ya kwetu ambayo yanasafiri nasi. Nyumbani mtu huingia duka la dawa za mifugo, hununua ivermectin ya ng'ombe na kukisia kipimo kwa macho. Mbwa wa jamii ya collie na machotara wao wengi wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia ubongoni ikiwa kipimo ni kikubwa. Albendazole, kidonge ambacho kila nyumba ya Afrika Mashariki imewahi kuwa nacho kabatini, inaweza kuuharibu uboho wa mbwa. Acheni kukisia.

Mbwa akishapimwa na kutibiwa, na tumbo likishazoea, ndipo lishe inaanza kazi yake. Hapa haba na haba hujaza kibaba. Hesabu sasa hufanywa kwa uzito anaopaswa kuwa nao. Kama daktari amesema mbwa wako wa kilo 10 anapaswa kuwa na 14, basi 14 mara 30 jumlisha 70 ni 490. Zidisha kwa 1.6 kwa ajili ya shughuli za kila siku, utapata kilokalori kama 780, zigawanywe milo mitatu au minne. Chakula kikavu cha kawaida kina kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo unazungumzia gramu 200 na ushei kwa siku. Chakula cha watoto wa mbwa kina protini na mafuta zaidi, nacho humfaa mkubwa anayejenga misuli upya, maadamu figo na kongosho ni nzima.

Kuku na wali ni chakula kizuri cha siku chache. Kikiwa cha miezi, ni upungufu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mtoto wa mbwa anayekua kwa nyama tupu hupata mifupa laini inayopinda na kuvunjika. Tangu Juni 2018 China ina kanuni za chakula cha wanyama wa nyumbani zinazotaka kifungashio kieleze kama ni mlo kamili au ni cha nyongeza tu. Tafuta herufi 全价, quanjia. Zikikosekana, hicho ni kitafunwa hata kama picha ya mbwa aliye juu yake inang'aa. Na usidanganywe na tarakimu kubwa ya protini peke yake. Mwaka 2007 mbwa na paka wengi Marekani walikufa kwa figo kushindwa baada ya kula chakula kilichotiwa unga kutoka China uliochanganywa na melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi inayofanya kipimo cha protini kionekane kikubwa. Mwaka uliofuata kemikali hiyohiyo ilikutwa kwenye maziwa ya watoto wachanga hapahapa China.

Kuna adui mwingine ambaye anatuunganisha na nyumbani. Kati ya Februari na Aprili, Guangzhou huwa na siku ambazo hewa ya unyevu kutoka kusini hugusa kuta zilizopoa na nyumba nzima hutoka jasho. Vioo, sakafu, hata nguo kabatini. Mfuko wa chakula cha mbwa ulioachwa wazi siku hizo huota kuvu, na kuvu huweza kuzalisha sumu ya aflatoksini. Mbwa ni mwepesi sana kudhurika nayo. Ini lake hufa, naye hukonda, hugeuka manjano na kufa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kenya inaijua: mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliwadhuru watu 317 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, na 125 walikufa. Na bado, kwetu, mahindi yaliyooza yakitupwa na mama jikoni, hutengwa kwa ajili ya mbwa. Nalipinga jambo hili kwa nguvu zangu zote. Ugali wa unga ulioota kuvu ni sumu kwa anayekula kwa mkono na kwa anayekula kwa ulimi. Nunua mfuko mdogo, ufunge, uweke kwenye ndoo yenye kifuniko, na ukinusa ukungu utupe.

Mabaki ya meza ya Kikantoni nayo yachunguzwe. Vitunguu vya aina zote, pamoja na yale majani mabichi yanayonyunyizwa juu ya kila kitu, huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyochemshwa kwenye supu kwa saa nyingi huvunjika vipande vyenye ncha. Keki za mwezi za sikukuu ya vuli zimejaa mafuta na sukari, na mlo mmoja wa mafuta mengi unaweza kuvimbisha kongosho. Mbegu ya lichi huziba utumbo.

Na kumwongeza uzito kukomee wapi? Nyoosha mkono mmoja, kiganja kikitazama chini, kisha pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya mgongo wa ule ulionyooshwa. Mbavu za mbwa mwenye afya zikishikwa zinafanana na mgongo huo wa mkono: mfupa unahisika, lakini una kitu juu yake. Ukitazama kutoka juu, ana kiuno. Kutoka ubavuni, tumbo limepanda. Madaktari hutumia ngazi ya 1 hadi 9, na lengo ni 4 au 5. Mpime kila wiki: simama naye kwenye mizani, kisha simama peke yako, toa. Tugou, kama mbwa wetu wa kienyeji wa Afrika, hajaumbwa kuwa mnene. Naye saluki wa Uarabuni, wanaomjua ndugu zetu walioko Omani, huonyesha mbavu kadhaa akiwa mzima wa afya. Utafiti uliowafuatilia mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote, matokeo yake yakatolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi. Kumtoa mbwa kwenye njaa na kumtia kwenye unene ni kumbadilishia ugonjwa.

Nina ombi moja kwa jumuiya zetu hapa Guangzhou. Tunachangishana kwa msiba, kwa harusi, kwa mwenzetu aliyenasa kwenye karatasi za uhamiaji. Anayejua kwamba viza yake inakaribia ukingoni na ana mbwa, aseme mapema, miezi kadhaa kabla, ili apatikane mtu wa kumrithi mbwa huyo akiwa na chanjo na kadi yake ya hospitali.

Na wewe uliyemchukua mbwa aliyekonda wiki hii, uwe Guangzhou, Mombasa au Mwanza: kesho asubuhi chukua kinyesi chake kwenye kikopo safi chenye kifuniko, uandike alichokula na alichotapika, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Chakula utanunua ukirudi.